Mama Alivyotubia Ndoa Yake

Kila Jumapili ya meza ya Bwana, mama yangu alitoka nje. Mahubiri aliyasikiliza mpaka mwisho, nyimbo aliziimba kwa sauti kuliko kwaya, sadaka alitoa. Lakini mchungaji alipoanza kufunua mkate na divai, mama alijifunga khanga yake vizuri akapita mlango wa pembeni. Huko nje aliwakuta wenzake: mabinti waliopata mimba wakiwa kwao, na wanawake wa rika lake waliokuwa na kosa kama lake. Walikaa kwenye ukuta mfupi wa mawe wakipiga soga hadi wimbo wa mwisho. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni upendeleo kuruhusiwa kutoka mapema, nikatamani niwe mkubwa nami nitoke.

Kosa lake lilikuwa hili: aliolewa kimila, hakufunga ndoa kanisani. Baba alipeleka pombe ya mbege kwao mama kwa hatua zote zinazotakiwa, ng'ombe wa wajomba akafika, wazee wakakaa, wakanywa, wakaridhika. Mama akahamia Masama kwenye kihamba cha kina baba, lile shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, ambako watu wetu huzaliwa na ndiko huzikwa. Hakuna mtu pale mlimani ambaye angekuambia yule si mke wa yule. Kanisa peke yake ndilo lililosema bado. Kwa Kichagga hali hiyo ilipewa jina ambalo kwa Kiswahili ni sawa na kusema "kukaa bila baraka", na aliyekaa bila baraka alitengwa na meza mpaka ndoa yake ibarikiwe.

Wapo waliobariki ndoa wakiwa na wajukuu, bibi harusi anaingia kanisani kwa fimbo. Wazazi wangu nao walipanga kubariki. Mchungaji wa wakati ule akawapa sharti kwamba kwanza waishi mbalimbali kwa majuma kadhaa, mama arudi kwao, ili waje mbele ya madhabahu wakiwa safi. Baba alicheka mpaka akakaa chini. "Yaani ninyang'anywe mke wangu ili nipewe mke wangu?" alisema. Hakuwa mtu wa kubishana na wachungaji. Aliahirisha tu, akaahirisha tena, sisi tukaenda shule, tukarudi, halafu akaugua kifua akafa. Tulimzika kwenye mteremko ulio chini ya nyumba, upande wa mfereji, bila joho la mchungaji wala kengele, kwa sababu naye alikuwa ametengwa.

Ndoa ya maiti haibarikiwi. Mama akabakiwa na njia moja ya kurudi mezani: apige magoti mbele ya usharika wote na atubu kwamba aliishi na baba katika uasherati. Alikataa. Wazee wa kanisa walikuja kumshawishi zaidi ya mara moja, akawapikia mtori wa ndizi, wakala, wakashukuru, akawasindikiza hadi barabarani huku bado anakataa. "Nitubu nini?" alituuliza. "Nitubu nyinyi? Au nitubu yule ng'ombe waliyemla wajomba zangu?" Kwa mama, yote hayo yalikuwa mambo ya wachungaji. Mungu alikuwa upande mwingine, anaelewa, na pengine anawacheka.

Niseme wazi kwamba mimi nilikasirika kwa niaba yake kuliko alivyokasirika mwenyewe. Siku ya sikukuu ya mavuno alipeleka mkungu wa ndizi ambao mtu mmoja hawezi kuubeba. Mkungu uliwekwa madhabahuni, ukaombewa, baadaye ukanadiwa pale nje na watu wakaugombania. Ndizi zake zilifaa kusogea mbele za Bwana. Mikono iliyozilima haikufaa. Sijawahi kumpata mtu wa kunieleza hilo likaniingia akilini.

Kadiri alivyozeeka, mama alitaka mambo mawili tu, na alituambia mimi na mdogo wangu wa mwisho, ambaye kwa desturi yetu ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi. Alitaka azikwe na kanisa, kwa joho na kengele na kwaya. Na alitaka alazwe ubavuni mwa baba. "Nafasi ipo, nimeshaipima kwa macho," alisema. La pili lilikuwa mikononi mwetu. La kwanza tulijua litakuwa na vita, na mimi nilikuwa tayari kwa vita hiyo.

Sasa nieleze jinsi nilivyoingia kwenye jambo hili mimi mwenyewe. Nimestaafu ualimu wa Kiswahili, naishi Rau, karibu na msitu. Mchungaji wa usharika wa mama, kijana msomi na mpole, alikuwa anaongoza kikundi kilichokuwa kinatafsiri upya Agano Jipya kwa Kichagga cha upande wetu. Tafsiri ya zamani ilikuwa imeadimika, mama hakuwahi kuwa nayo, na kanisani kwetu Maandiko husomwa kwa Kiswahili. Mchungaji aliniomba nijiunge na wapitiaji. Nilifurahi, sifichi. Lugha yetu inachakaa midomoni mwa wajukuu zetu, na hapa palikuwa na watu wanaoifanyia kazi ya maana.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Rasimu ikikamilika, mpitiaji anaichukua na kwenda kumsomea mtu wa kawaida ambaye hajaiona. Anasoma polepole, halafu anafunga karatasi na kumwomba msikilizaji asimulie alichosikia kwa maneno yake mwenyewe, kama anamhadithia jirani. Msikilizaji akisimulia ovyo, fungu linarudishwa kufanyiwa kazi. Akisimulia sawasawa, fungu limepita. Ni utaratibu mzuri, na mimi niliusifia kila nilipopata nafasi. Msikilizaji wangu alikuwa mama, maana alikuwa na Kichagga cha zamani kisicho na kiraka cha Kiswahili.

Tulifanya kazi hiyo jikoni kwake, yeye anamenya ndizi, mimi nasoma. Tulikuwa tunacheka sana. Mifano ya Yesu aliisimulia kwa ufundi kuliko rasimu yenyewe, na yule mwana aliyetapanya mali alimpa jina la jirani yetu. Siku moja nikafika kwenye lile fungu la barua ya mtume linalotaja watu ambao hawataurithi ufalme wa Mungu. Nilikuwa sijalipitia kabla, maana utaratibu unataka hata msomaji asijizoeshe. Nikasoma. Nilipofika kwenye lile neno ambalo Biblia ya Kiswahili husema waasherati, macho yangu yakakuta "wanaokaa bila baraka". Mdomo ulishatamka kabla sijauzuia.

Nilimaliza, nikafunga karatasi. Mama alikuwa ameacha kumenya.

"Haya mama, umesikia nini?" nilimuuliza kwa sauti ambayo haikuwa yangu.

"Nimesikia kuna watu hawataingia," alisema. "Wezi hawataingia. Walevi hawataingia. Wanaoabudu sanamu hawataingia. Na mimi na baba yenu."

"Hapana, mama. Hapo mwandishi hakuwa na maana ya watu kama nyinyi."

"Si ameandika? Masikio yangu bado mazima." Alikichukua kisu, akakitazama, akakiweka tena. "Mimi siku zote nilijua ni maneno ya wachungaji. Kumbe ni Mungu mwenyewe kasema."

Hapo ndipo nilipoelewa kilichotokea, na hasira ilinipanda. Neno waasherati mama alikuwa amelisikia maisha yake yote kanisani. Lakini kwake lilikuwa neno la Kiswahili, lililokuja na vitabu, lenye kumtaja mtu fulani huko mjini anayevaa vibaya. Halikuwahi kubisha hodi nyumbani kwake. Kutengwa kulitoka kwa watu, na watu angeweza kuwapikia mtori na kuwakatalia. Sasa kwa mara ya kwanza Mungu alikuwa amezungumza naye kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo, na neno alilochaguliwa kusema ni lile lile la wazee wa kanisa.

Mkutano wa wapitiaji ulifanyika mjini, kwenye chumba chenye meza ndefu na chupa za chai. Nilisema yote. Nilimuuliza mchungaji, ambaye alisomea Kigiriki, neno la asili lina maana gani. Hakudanganya, lazima nimpe haki yake. Alisema mizizi yake iko kwenye biashara ya mwili, kisha likapanuka likabeba kila aina ya zinaa.

"Je, mwanamke aliyetolewa kwao kwa mbege na ng'ombe, wazazi wakashuhudia, akakaa na mume mmoja hadi kifo, naye yumo humo?"

"Mwalimu, sisi hatutungi lugha," alisema kwa upole. "Tunatumia maneno ambayo watu wanayatumia. Mkristo wa huku akitaka kuitaja dhambi hiyo kwa Kichagga, anasema hivyo."

"Na nani aliyemfundisha kusema hivyo? Si kanisa? Kanisa limewapa watu neno, sasa linaliokota kwa watu na kuliweka kinywani mwa mtume, halafu linasema ni lugha ya watu!"

Mzee mmoja mstaafu aliyekaa mkabala nami alisema tukianza kulegeza maneno vijana wataharibika. Nikamuuliza anawafahamu waume wangapi wa usharika wetu waliofunga ndoa kwa pete na keki, na ambao wana nyumba ndogo huku mjini. Akatazama chai yake. Hao baraka wanayo. Neno hilo haliwagusi hata unywele. Wanapiga magoti mezani, wanapokea, wanafuta midomo, wanashuka mjini.

"Hao wana neno lao, uzinzi, na limo kwenye fungu hilo hilo," mchungaji alisema.

"Limo. Nitajie mmoja aliyewahi kutolewa nje kwa hilo."

Alipekua karatasi zake, halafu akauliza swali ambalo utaratibu unamtaka aulize. "Msikilizaji wako alisimulia nini?"

Nikasema alichosimulia. Kisha yule mzee akasema, bila ubaya wowote, kwamba basi fungu liko wazi kabisa. Na wengine wakatikisa vichwa kumkubalia, kwa sababu kwa utaratibu wetu alikuwa na haki. Mama alikuwa ameelewa. Fungu likapita. Nilichukua mkoba wangu nikaondoka na sijarudi tena kwenye kile chumba, na nikikumbuka vile vichwa vinavyotikisika bado natamani kupindua meza.

Nilidhani nitamtuliza mama. Nilipanda Masama nikamweleza habari za Kigiriki, nikamweleza kwamba neno ni chaguo la watu waliokaa kuzunguka meza, kwamba hata mimi nilikuwa mmoja wao. Alinisikiliza kwa adabu, kama alivyozoea kuwasikiliza wazee wa kanisa. Akanipa ndizi za kurudi nazo Rau. Juma lililofuata mdogo wangu alinipigia simu kuniambia kwamba mama ameita mchungaji, na kwamba Jumapili atatubu.

Nilikwenda. Alivaa kitenge cha bluu kilichokuwa kinangoja harusi ya mjukuu. Mzee wa kanisa alimshika mkono akampeleka mbele, mama akapiga magoti kwenye ngazi, magoti yale yaliyokuwa yanamsumbua hata kushuka mferejini. Nilitaka kwenda kumwinua. Mdogo wangu alinishika mkono akaukaza. Mchungaji alimuuliza kama anaungama kwamba aliishi katika uasherati. Akasema anaungama. Akamuuliza kama anaichukia dhambi hiyo na kuiacha kabisa. Mama aligeuza kichwa akautazama mlango wa pembeni, mpaka watu wakaanza kunyoosha shingo.

"Naiacha," alisema.

Akawekewa mikono kichwani, akatangaziwa msamaha, akapokea mkate na divai kwa mara ya kwanza tangu awe mke wa mtu. Akina mama walipiga vigelegele. Kwaya ikaimba. Watu walilia kwa furaha, nami sina haki ya kusema furaha yao ilikuwa ya uongo. Walimpenda, na miaka yote hiyo walikuwa wamemtaka ndani. Mimi nililia pia, lakini kwa hasira, na mtu aliyekaa jirani yangu alinipapasa mgongo akidhani tunalia kitu kimoja. Nilijiuliza ni dini gani inayomlazimu mwanamke kumkana mumewe ili apewe kipande cha mkate, na jibu nililolipata siliandiki hapa.

Nyumbani kulikuwa na chakula, wageni wakala wakaondoka. Tulibaki watatu, mama, mdogo wangu na mimi. Mama alikuwa ametulia. Ndipo akasema kwamba ile nafasi kule chini, kando ya baba, tusiitumie.

"Kwa nini, mama?" mdogo wangu aliuliza. "Si ndiko ulikotaka?"

"Nilikotaka, ndiyo. Lakini leo nimesema mbele za Mungu na watu kwamba ile ilikuwa dhambi, na nimeiacha. Sasa nitaiacha leo, halafu mnilaze kando yake mpaka siku ya mwisho? Huyo atakuwa ni mtu anayemdanganya nani?"

Nilimwambia Mungu hadai hivyo. Nilimwambia hakuna mchungaji atakayedai hivyo. Nilipandisha sauti, jambo ambalo sijawahi kumfanyia.

"Mama," aliniita, maana ndivyo alivyozoea kuniita mimi binti yake, "nyinyi mliosoma mnaweza kusema neno na kulizunguka. Mimi nikisema nimeacha, nimeacha. Nizikeni kule juu, karibu na kahawa."

Mdogo wangu alijaribu kwa upole wake, siku hiyo na siku nyingine nyingi. Alimwambia baba atakuwa mpweke. Hilo lilimuumiza, niliona uso wake. Alisema anajua, na kwamba amemwomba Mungu amweleze baba. Tangu hapo hakushuka tena kufagia kaburi lake, kazi ambayo haikuwahi kumpita Jumamosi hata moja. Alimtuma mtoto wa mdogo wangu, yeye mwenyewe akabaki mlangoni akimwelekeza kwa kidole.

Alifariki wakati wa masika, kwa malaria iliyokutana na uzee. Kengele ililia asubuhi mpaka ng'ambo ya bonde wakasikia. Mchungaji alikuja kwa joho, wainjilisti wakaja, kwaya ikaja na sare, na watu walijaa kihamba hadi wengine wakasimama katikati ya migomba. Alizikwa na kanisa kama alivyotaka. Njia ilikuwa tope, waliobeba jeneza waliteleza, na walipofika njia panda ya nyumbani wa mbele walianza kushuka, kwa sababu kila mtu alijua ni wapi mke wa yule bwana anapaswa kulazwa. Ilimbidi mdogo wangu akimbie awazuie, awageuze waelekee juu.

Mchungaji alinisogelea pale kaburini. "Mwalimu," alininong'oneza, "mbona hamkumlaza kwa mzee? Nafasi ipo."

Mimi sikunong'ona. Nilimjibu kwa Kichagga, na waliosimama karibu waliacha kuimba. "Alikataa. Ulimuuliza kama anaiacha kabisa, akakujibu anaiacha. Alisema hawezi kutubia kitu kanisani halafu akalale nacho."

"Lakini mimi sikuwa na maana hiyo," alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka, na alionekana mdogo sana ndani ya joho lile. "Mwalimu, haki ya Mungu, sikuwa na maana hiyo."

"Najua," nilimwambia.

Akageuka akatazama kule chini, upande wa mfereji, kwenye kaburi la baba lililoota majani, akalitazama mpaka kwaya ikamaliza ubeti. Kisha akafungua kitabu chake akasoma, na tukamzika mama peke yake.